Kimo cha Ziwa na Mfereji wa Nyumbani: Vipimo vya Maji na Lugha ya Mgao Kakamega

Mnamo Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalisoma mita 13.42 katika kipimo cha Jinja nchini Uganda, yakaipita kwa sentimita moja rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imesimama tangu Mei 1964. Mwaka 2024 rekodi hiyo mpya nayo ilipitwa. Katika nyakati hizo zote mbili, fuo za Kisumu, Homa Bay na Busia ziliingiwa na maji, nyumba zikahamwa, na gati zikamezwa. Hata hivyo, mwenye nyumba anayeishi Lurambi au Shinyalu katika Kaunti ya Kakamega, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Kisumu, aweza kusikia habari hizo redioni huku mfereji wake umekauka na kaandika ya mboga nyuma ya nyumba ikinyauka. Swali analojiuliza ni la haki: ziwa likifurika, maji ya nyumbani yanabanwa kwa nini?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa njia mbili zinazokutana. Kwanza, yanaeleza jinsi usawa wa ziwa na mtiririko wa mito unavyopimwa, na kile ambacho kila kipimo hueleza na kisichoweza kueleza. Pili, yanaangalia maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kutoa taarifa za vipimo hivyo na za vizuizi vya matumizi ya maji, maana sehemu kubwa ya utatanishi wa mwananchi hutokana na lugha, wala si na uchache wa maji pekee.

Kina, kimo, usawa, kiwango

Tuanze na ile mita 13.42. Ni rahisi sana kwa mwandishi wa habari kuandika kwamba “kina cha ziwa kimefika mita 13.42”. Kauli hiyo si kweli. Kina ni umbali wa kwenda chini, kutoka uso wa maji hadi sakafu. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na penye kina kirefu zaidi hufikia mita 80 na ushei. Lau lingekuwa na kina cha mita 13 tu, meli zilizokuwa zikisafiri kati ya Kisumu, Mwanza na Port Bell zingekuwa na historia nyingine kabisa.

Mita 13.42 ni usomaji wa ubao wa kupimia uliosimamishwa majini, ambao sifuri yake iliwekwa na watu mahali walipopachagua. Sifuri ya Jinja iko karibu mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ziwa liliposoma 13.42, uso wake ulikuwa karibu mita 1,136 juu ya bahari. Tarakimu ile haisemi ziwa lina maji kiasi gani. Inasema uso wake umepanda au umeshuka kiasi gani ukilinganishwa na alama isiyosogea. Usomaji huo umekuwa ukiwekwa kumbukumbu tangu mwaka 1896, na ndiyo maana mtu anaweza leo kulinganisha mafuriko ya 2020 na yale yaliyofuata mvua kubwa za 1961, ambapo ziwa lilipanda kwa takriban mita mbili unusu katika muda wa miaka mitatu hivi.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenganisha dhana hizi. Kina ni cha kwenda chini. Kimo ni cha kwenda juu kutoka kwenye msingi fulani, na kwa sababu hiyo kinafaa kwa usomaji wa ubao. Usawa, kama katika “usawa wa bahari”, ni ule uso wenyewe uliolala sambamba. Ujazo ni wingi wa maji yaliyomo. Neno linalotumiwa zaidi, kiwango, ndilo lililo hafifu kuliko yote kwa kazi hii, kwa kuwa hubeba maana ya kiasi, ya daraja na ya ubora kwa pamoja. Anayesema “kiwango cha maji kimeshuka” huenda anamaanisha uso umeteremka, au maji yamepungua mtoni, au hata kwamba maji si safi kama zamani. Wanafunzi wa semantiki wataona kwamba mapana ya neno hili ndiyo yanayolifanya lipendwe: halimlazimu mtumiaji kujua anachosema.

Ziwa hupimwaje?

Ubao wa Jinja si wa pekee. Iko mingine ukingoni, Kisumu ikiwemo. Msomaji wa kipimo huenda asubuhi na jioni, hutazama alama iliyoguswa na maji, na huandika. Kazi hii inaonekana duni, lakini ina mitego yake. Upepo wa jioni ukivuma kwa nguvu kuelekea upande mmoja, uso wa ziwa huinama kidogo, upande mmoja ukapanda na mwingine ukateremka, kama maji ndani ya karai linalobebwa. Mvuvi wa Dunga analijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo usomaji wa siku moja hauaminiwi peke yake. Wastani wa siku nyingi ndio unaotumika.

Tangu mwaka 1992 ziwa limekuwa likipimwa pia kutoka angani. Mwaka huo Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, ambayo ilipita juu ya njia ile ile kila baada ya siku 10 hivi. Kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 1,300, ilituma mawimbi ya rada yakagonga uso wa maji yakarudi. Kwa kupima muda wa kwenda na kurudi, umbali ulijulikana, na kwa kujua mahali setilaiti ilipo, usawa wa ziwa ukapatikana kwa kosa la sentimita chache tu. Setilaiti za Jason zilirithi kazi hiyo, na baadaye Sentinel-6, iliyorushwa mwaka 2020. Faida yake kubwa haikuwa usahihi pekee. Kipimo cha angani hakimilikiwi na nchi mojawapo ya zinazopakana na ziwa.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika kati ya mwaka 2004 na 2006. Ziwa lilishuka haraka hadi kufikia usawa ambao haukuwa umeonekana tangu miaka ya 1920. Ukame ulikuwepo, hilo halikubishaniwa. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni Mto Nile pale Jinja, na mlango huo umewekewa bwawa tangu mwaka 1954, Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Kwa mujibu wa mwafaka wa siku za ukoloni, maji yalipaswa kuachiliwa kwa kadiri ambayo mwamba wa asili wa Maporomoko ya Ripon ungeyaachilia: ziwa likiwa juu yatoke mengi, likiwa chini yatoke machache. Baada ya bwawa la pili, Kiira, kuanza kazi mwaka 2000, maji yaliyopitishwa katika miaka ile ya ukame yalizidi kadiri hiyo ili kuzalisha umeme. Watafiti waliolinganisha vipimo walihitimisha kwamba sehemu kubwa ya mteremko, yapata nusu, ilitokana na maji hayo ya ziada na nusu nyingine na ukame. Bila ubao wa Jinja na rada za angani, mjadala huo ungebaki kuwa lawama mitaani.

Ili msomaji apate picha ya ukubwa wa mambo: ziwa lina eneo la kilomita mraba 68,800 hivi. Sentimita moja tu ya kupanda au kushuka ni mita za ujazo milioni 688. Bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na jiji la Nairobi, hubeba mita za ujazo milioni 70 likijaa pomoni. Unene wa kidole kimoja katika uso wa Ziwa Victoria ni karibu Ndakaini kumi.

Mto ulio juu na ziwa lililo chini

Sasa turudi Kakamega. Kaunti hii haina ufuo wa ziwa. Mji wenyewe uko karibu mita 1,535 juu ya bahari, yaani takriban mita 400 juu ya uso wa Ziwa Victoria. Maji ya mfereji wa mji hutoka mitoni. Isiukhu na Yala hupita katika Msitu wa Kakamega; Isiukhu hatimaye huingia katika Nzoia, na Nzoia, uliokusanya maji kutoka Mlima Elgon na milima ya Cherangani, hushuka kupitia Mumias hadi Budalang'i na kumwagika ziwani. Yala hufika huko kwa njia yake kupitia kinamasi kinachobeba jina lake.

Kakamega, basi, ni mtoaji wa maji ya ziwa wala si mpokeaji. Hata kama ziwa lingepanda mita tatu zaidi, hakuna tone litakalopanda mlima hadi Lurambi. Tena ziwa ni shahidi mzito wa kuamka. Takriban nne kwa tano ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja juu ya uso wake, na sehemu kubwa ya yanayotoka hutoka kwa mvuke. Usawa wake hujumlisha mvua za miaka. Mto mdogo, kinyume chake, hueleza habari za wiki iliyopita. Katika Januari yenye jua kali, ziwa laweza kuwa bado linabeba mvua za mwaka uliotangulia na mwaka uliotangulia huo, ilhali mto umebaki ukinong'ona kati ya mawe.

Hapa ndipo kosa la kufikiri linapozaliwa. Kwa kuwa usawa wa ziwa ndio unaotangazwa, wananchi huuchukua kama kipimo cha neema ya maji katika nchi nzima ya magharibi. Kipimo kimoja hakiwezi kubebeshwa maswali yote.

Mto hupimwa kwa ubao pia, lakini kimo cha mto hakitoshi. Kinachotakiwa ni mtiririko, yaani mita za ujazo zinazopita kwa sekunde moja. Wapimaji huingia mtoni na chombo kinachopima kasi ya maji katika sehemu mbalimbali za upana na kina, hukokotoa mtiririko, kisha hurudia kazi hiyo kwa vimo tofauti hadi wapate mchoro unaohusisha kimo na mtiririko. Baada ya hapo msomaji wa ubao anahitaji kuandika kimo tu. Mchoro hukamilisha yaliyosalia. Mchoro huo, hata hivyo, huzeeka. Mafuriko yakichimba sakafu ya mto au kuijaza mchanga, kimo kile kile hakimaanishi tena mtiririko ule ule. Kituo cha Rwambwa kwenye Nzoia ya chini, ambacho usomaji wake huwatahadharisha watu wa Budalang'i kabla kuta za mto hazijazidiwa kama ilivyotokea mwaka 2003 na 2020, kina thamani kwa kadiri tu mchoro wake unavyosahihishwa.

Kizuizi huanzia wapi?

Katika sheria ya Kenya, kubana matumizi ya maji hakutegemei hisia za ofisa. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyoichukulia nafasi yake, zinatambua kile kinachoitwa akiba: maji ambayo lazima yabaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Kanuni za mwaka 2007 ziliifasiri akiba hiyo kwa hesabu. Kiasi cha chini kabisa ni mtiririko ambao mto huufikia au kuupita kwa asilimia 95 ya siku. Kwa maneno mepesi, katika mwaka wa wastani mto huwa chini ya hapo kwa siku 18 tu hivi. Kiasi kingine ni kile cha asilimia 80: yaliyo juu yake huhesabiwa kuwa maji ya mafuriko, na humo ndimo mkulima mkubwa wa unyunyizaji hutarajiwa kuchota na kuweka katika bwawa lake mwenyewe.

Sheria hiyo yasema pia kwamba matumizi ya nyumbani hutangulia mengine yote, na kwamba mtu anayechota kwa matumizi hayo bila mitambo, kwa ndoo au mtungi, hahitaji kibali. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Je, kumwagilia mboga ni matumizi ya nyumbani? Swali hili laonekana dogo hadi litazamwe kutoka Kakamega. Mji na kaunti hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Kenya zingekionea wivu. Lakini kuanzia Desemba hadi Februari au Machi mvua hupungua, na ndio wakati ambapo bei ya mboga hupanda sokoni. Kaandika ya kunde, mrenda na mnavu nyuma ya nyumba si pambo. Ni chakula cha jioni, na kwa mama wengi ni karo.

Hesabu husaidia. Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika humwaga lita 900 kwa saa, yaani mitungi 45 ya lita 20. Mama anayemwagilia kaandika yake kwa kopo hutumia mitungi miwili au mitatu, na aghalabu ni maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Tangazo linalopiga marufuku “kumwagilia maji” huwaweka watu hawa wawili katika kosa moja. Tangazo linalopiga marufuku mpira humgusa mmoja tu. Tofauti kati ya matangazo hayo ni nomino moja, na mtu asiyejali nomino hiyo ameamua, bila kujua, nani atakula nini.

Mkanganyiko huongezwa na vitenzi vyenyewe. Nchini Kenya, kilimo cha maji ya mifereji huitwa unyunyizaji. Tanzania hukiita umwagiliaji. Kwa maana ya asili, kunyunyiza ni kurusha matone na kumwagilia ni kumimina juu ya kitu. Kizuizi cha “kunyunyizia mashamba maji” chaweza kusomwa na mwenye ekari kumi kuwa kinahusu maua ya mjini, na na mwenye kaandika kuwa kinahusu ekari kumi. Kila mmoja atakuwa na kamusi upande wake.

Neno mgao nalo lina hila. Limetokana na kugawa, na mgao ni fungu analopewa mtu. Linaahidi kwamba zamu ya kila mmoja itafika. Nairobi ilipoanza mgao Januari 1, 2017 baada ya maji ya Ndakaini kupungua, ratiba ilitolewa kwa mitaa na siku. Huo ulikuwa mgao, watu waupende wasiupende. Mfereji uliokauka majuma mawili bila ratiba haumo katika mgao wowote, una ukosefu. Kuuita mgao ni kuipamba kasoro kwa jina la haki.

Mji wa Cape Town, Afrika Kusini, hutajwa sana kama kielelezo. Kuanzia Februari 1, 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya mji kukakatazwa. Watu walitii kwa kiasi kikubwa kwa sababu asilimia ya maji yaliyosalia mabwawani ilichapishwa kila juma, ikawa inajulikana kama matokeo ya kandanda. Lakini asilimia hupatikana penye bwawa lenye ujazo unaojulikana. Mji unaochota mtoni bila hifadhi kubwa hauna asilimia ya kutangaza. Unachoweza kutangaza ni mtiririko wa leo ukilinganishwa na ile akiba ya kisheria, jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema kwa lugha ya kawaida, lakini si muhali.

Pana sababu moja zaidi ambayo matangazo hayana budi kuitaja inapohusika. Mfereji hukauka hata katika masika. Mvua kubwa ikishuka juu ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, mto hujaa tope, na mtambo wa kusafishia hulazimika kupunguza kazi au kusimama. Umeme ukikatika, pampu husimama. Siku hiyo ziwa limejaa, mto umejaa, na mtungi ni mtupu. Mwananchi asiyeelezwa sababu hudhani amehujumiwa, na huwezi kumlaumu.

Tangazo laweza kuandikwaje?

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, lakini taarifa nyingi za kitaalamu huandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha kutafsiriwa kwa haraka. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya makala haya. Toleo la kwanza ni la aina inayozoeleka: “Kutokana na kushuka kwa viwango vya maji, wateja wanashauriwa kutumia maji kwa uangalifu na kuepuka matumizi yasiyo ya lazima hadi hali itakapoimarika.” Sentensi haina kosa la sarufi. Haina pia jambo lolote ndani yake. Viwango vipi, vya wapi? Matumizi yapi? Nani ataamua kwamba hali imeimarika?

Toleo la pili laweza kuwa hivi: “Mtiririko wa mto tunaochota umeshuka karibu na akiba inayolindwa na sheria. Kuanzia Jumatatu, maji yatafunguliwa kwa zamu: mtaa huu Jumatatu na Alhamisi, mtaa ule Jumanne na Ijumaa. Ni marufuku kutumia mpira kumwagilia bustani au kuosha gari. Kumwagilia mboga kwa kopo au ndoo kunaruhusiwa. Usomaji wa mto utabandikwa hapa kila Ijumaa. Zamu zitaondolewa mto ukikaa juu ya akiba kwa siku 14 mfululizo.”

Toleo hili ni refu, na watetezi wa ufupi watalalamika. Lakini laweza kuhakikiwa na msomaji yeyote anayepita mbele ya ubao wa matangazo. Laweza pia kutafsiriwa katika Lwisukha au Lwidakho na kusomwa barazani bila mzee wa mtaa kulazimika kubahatisha maana. Lile la kwanza halitafsiriki, kwa sababu mfasiri hana cha kushika.

Kazi ya kulitunga toleo la pili haiwezi kuachiwa mhandisi pekee wala mwanaisimu pekee. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopo mjini Kakamega, hufundisha Kiswahili na pia usimamizi wa majanga, na wanafunzi wa masomo hayo mawili hupanga foleni kwenye bomba lile lile.